Kababu za ukwaju kwa mgeni anayesubiri chakula

Kadi ya mwaliko imeandikwa saa kumi na mbili jioni. Wageni wanaanza kujaa ukumbini saa moja, maharusi wanaingia saa mbili na nusu, na hadi keki ikatwe, ndugu wa pande zote mbili watambulishwe na mshereheshaji aruhusu meza ya kwanza kwenda kuchukua chakula, saa nne usiku imefika. Muda wote huo mgeni amekaa na soda yake. Wengine wametoka kazini moja kwa moja, wengine wamekuja na watoto, na wapo wazee wanaomeza dawa kwa saa. Kwa watu hao sinia la vitafunwa linalopita kati ya meza ni chakula kamili, na mara nyingi ndicho watakachokisimulia kesho yake, kwa kuwa walikila wakiwa na njaa.

Ndiyo maana nasikitika kuona tunavyolichukulia sinia hilo. Bajeti nzima inakwenda kwenye pilau, kuku na mapambo. Vitafunwa vinaachiwa yeyote aliyepata nafasi jikoni. Sambusa zinakaangwa mchana na kuliwa usiku zikiwa zimelegea, mafuta yameganda kwenye manda. Katika vitafunwa vyote ninavyovijua kuna kimoja kinachoivumilia ratiba ya sherehe zetu, tena kinazidi kunoga kikikaa ndani ya rojo lake: kababu ndogo za mviringo, za kumalizwa kwa kutafuna mara mbili tatu, zilizogaragazwa kwenye rojo zito linalong'aa lenye utamu, pilipili na uchachu wa ukwaju.

Huo uchachu ndio ninaoupigania. Ukimwomba mpishi akutengenezee rojo tamu lenye pilipili, mara nyingi atachukua tomato sosi ya chupa, atamimina sukari, ataongeza pilipili ya chupa na kuchemsha. Kababu ya kwanza inapendeza. Ya pili inakinaisha. Kufika ya tatu mgeni anaomba maji. Sukari na pilipili vikiachwa viwili tu vinapigana, kila kimoja kinataka kusikika zaidi, na mafuta ya nyama yanabaki yametanda mdomoni bila kitu cha kuyakata. Tunda chachu ndilo linaloyakata. Linaishusha sukari, linaifanya pilipili isikike kwa utaratibu, na mate yanajaa mdomoni kwa hamu ya nyingine.

Wapishi wa nchi nyingi walilijua jambo hili zamani. Mwaka 1226, mjini Baghdad, Muhammad bin Hasan al-Baghdadi aliandika kitabu cha mapishi ambacho wanahistoria wa chakula wanakirejea mpaka leo. Humo nyama inapikwa kwa siki iliyotiwa utamu, au kwa aprikoti kavu, na baadhi ya vyungu vinaongezwa kababu ndogo. Aleppo, nchini Syria, kababu za kondoo zinapikwa ndani ya rojo la cheri chachu, na wenyeji wanajivunia chakula hicho kama sisi tunavyojivunia biriani. Waswidi wanakula kababu zao na jamu ya tunda dogo jekundu la porini lenye uchachu mkali. Mpishi wao maarufu, Cajsa Warg, aliziweka kwenye kitabu chake cha mwaka 1755, na mwaka 2018 akaunti rasmi ya nchi hiyo katika mtandao wa Twitter ilitangaza kwamba asili yake ni mapishi ambayo Mfalme Charles XII alirudi nayo kutoka kwa Waturuki mwanzoni mwa karne ya 18. Mfalme huyo alishindwa vita na Warusi huko Poltava mwaka 1709 na akaishi miaka kadhaa katika himaya ya Waturuki kabla ya kurejea kwao.

Marekani nako, tangu miaka ya 1960 na 1970, kababu za sherehe zinapikwa kwenye mchanganyiko wa jamu ya zabibu na sosi ya nyanya yenye siki na viungo. Chungu cha umeme kinachopika polepole, ambacho kampuni ya Rival ilianza kukiuza kwa jina la Crock-Pot mwaka 1971, kilizisambaza zaidi, kwa sababu mwenye nyumba aliweza kuziacha zikiwa za moto mezani huku akipokea wageni. Ndugu zetu wanaoishi huko wanazikuta kwenye sherehe za ofisini na usiku wa fainali ya mpira wa Kimarekani. Wapo wanaorudi likizo na kuulizia jamu ya zabibu madukani ili wawapikie ndugu zao.

Hakuna haja ya kuitafuta. Sisi tuna ukwaju. Mkwaju ni mti wa Afrika. India, ambako watu wengi wanadhani ndiko ulikoanzia, ulifika zamani sana kutoka huku kwetu. Unastahimili ukame, kwa hiyo ukwaju wake unajaza magunia yanayotoka Dodoma na Singida, na kwa Wakenya unatoka Ukambani na Kilifi. Mtu wa Pwani anaujua kwenye juisi, kwenye chatne ya kulia bajia, kwenye samaki na kwenye urojo. Kinachobaki ni kuuingiza kwenye sufuria ya rojo la kababu, na humo unafanya kazi ambayo siki na ndimu haziiwezi. Siki ikichemka, sehemu ya uchachu wake inapaa na mvuke. Ndimu ikichemka muda mrefu inapoteza harufu yake nzuri na kuacha uchungu. Asidi ya ukwaju haipai, inabaki sufuriani hata ukilipunguza rojo kwa dakika ishirini. Tena nyama ya ukwaju ina pektini, ile ile inayoigandisha jamu, kwa hiyo rojo linakuwa zito na lenye kung'aa bila kutiwa unga wa mahindi. Unga wa mahindi unafanya rojo lifanane na uji na linapopoa linapoteza mng'aro. Siuruhusu kabisa kwenye kababu hizi.

Lakini tuanze na nyama, kwa kuwa rojo zuri haliwezi kuokoa kababu iliyo ngumu kama gololi.

Nyama iliyokwisha kusagwa na kupangwa kwenye trei siipendi kwa kazi hii, kwani hujui imesagwa lini wala imetoka sehemu gani ya ng'ombe. Nenda buchani mapema, simama mbele ya mashine. Mimi huomba nusu kidari, nusu paja. "Kaka, usinitolee mafuta, zisage zote pamoja." Muuza nyama mwema hudhani nimekosea. "Dada, ngoja nikutafutie steki safi, haina mafuta hata kidogo." Anataka kunitendea wema, na kwa mchuzi angekuwa sahihi. Kwa kababu, mafuta ni lazima, yakaribie sehemu moja kwa tano ya nyama yote. Yanapoyeyuka ndani ya donge yanailainisha nyama iliyoiva kabisa, na kababu za sherehe ni lazima ziive kabisa. Steki tupu ikisagwa na kuivishwa hivyo inakuwa kavu kiasi kwamba mgeni atahitaji maji ya kuisukumia.

Kilo moja ya nyama inataka chumvi vijiko vya chai viwili na nusu, ambazo ni gramu 15 hivi. Itie kwenye nyama peke yake, kabla ya kiungo kingine chochote, nyama ikiwa bado ya baridi. Kanda kwa vidole vilivyotanuliwa. Mwanzoni nyama inaachana, inapita kati ya vidole kama inavyotaka. Baada ya dakika moja au zaidi kidogo mambo yanabadilika: rangi inafifia kidogo, nyuzi zinaanza kushikana, kiganja kinanata. Chukua bonge dogo, ulibandike kiganjani, ugeuze mkono uangalie chini. Likibaki limening'inia, acha kukanda. Chumvi imeshayeyusha sehemu ya protini ya nyama, na hiyo ndiyo gundi itakayozuia kababu isipasuke. Ukiendelea kukanda utapata kitu kinachorudisha meno kama soseji.

Sasa ndipo mkate unaingia. Vipande vinne vya mkate mweupe, bila maganda, viwe vimeloweshwa kwenye maziwa nusu kikombe mpaka vikawa ugiligili mzito. Wanga wa mkate unashika maji na kukaa katikati ya nyuzi za nyama, kwa hiyo nyama inapoiva haibanani kupita kiasi. Wapo wanaotia mkate mkavu mwingi ili nyama iongezeke. Mgeni anatambua mara moja, na aibu inakuwa ya mwenye shughuli. Ongeza yai moja, kitunguu maji kimoja kilichokunwa na kukamuliwa maji yake yote, kitunguu saumu na tangawizi vilivyotwangwa, pilipili manga, bizari nyembamba iliyokaangwa kavu ikatoa harufu ndipo ikasagwa, na giligilani iliyokatwa. Mdalasini uwe wa kunusisha tu. Changanya kwa wepesi, ilimradi vitu vimeenea.

Kabla ya kufinyanga, kaanga kipande kidogo, uonje. Nyama mbichi haionjwi, na ukishatengeneza madonge mia mbili umechelewa kugundua kwamba chumvi ni pungufu.

Ukubwa wa kila donge ni kijiko cha chakula kilichojaa, gramu 25 hadi 30. Kilo moja ya nyama pamoja na mkate na yai inatoa karibu kababu 45 hadi 50. Paka viganja mafuta, viringisha bila kukandamiza, panga kwenye trei, weka kwenye friji nusu saa ili mafuta yagande na umbo lishike. Mwenye oveni aiwashe mpaka nyuzijoto 200 za Selsiasi, aziache kababu humo dakika 15 hadi 18, akizigeuza mara moja. Asiye na oveni atumie kikaango kipana chenye mafuta ya kufunika chini tu, azikaange kwa awamu. Usijaze kikaango. Kababu zikibanana zinatoa maji na kujichemsha zenyewe, na nyama iliyochemka haipati ule ukahawia unaotokea uso wake unapokauka na kupita nyuzijoto 140 hivi. Ukahawia huo ndio nusu ya ladha, na rojo linaushika vizuri kuliko linavyoshika nyama ya kijivu.

Kuhusu kuiva sitaki mzaha. Kipande kizima cha nyama vijidudu vyake vinakaa zaidi juu, ndiyo maana wapo wanaokula steki ikiwa nyekundu katikati. Mashine ya kusaga inauchukua uso huo wa nje na kuusambaza kwenye nyama yote. Kababu ifike nyuzijoto 71 katikati. Vipimajoto vidogo vya jikoni vinapatikana madukani sasa, na anayepikia wageni wengi anapaswa kuwa nacho. Usipokuwa nacho, pasua moja kubwa kuliko zote: iwe imebadilika rangi mpaka kiini na maji yake yawe meupe. Macho peke yake yanaweza kudanganya, hivyo mwaka huu nunua kipimajoto.

Sasa rojo. Kwa kilo moja ya nyama, chukua gramu 100 za ukwaju uliomenywa, uloweke kwenye kikombe kimoja cha maji ya moto kwa dakika 20, uufikiche kwa vidole na kuchuja. Usiridhike na maji membamba yanayopita kirahisi kwenye chujio. Kandamiza kwa mgongo wa kijiko, ukwangue na ule uzito unaoganda upande wa chini. Huo ndio wenye pektini. Katika sufuria pana weka mafuta kijiko kimoja, kaanga kitunguu saumu na tangawizi kwa moto mdogo, ongeza nyanya ya kopo vijiko viwili na uikaange mpaka wekundu wake ukolee kuelekea rangi ya matofali. Mimina ukwaju. Tia sukari guru iliyokwanguliwa, gramu 120, chumvi kidogo, na pilipili mbuzi moja iliyochanwa ubavuni.

Sukari guru naipenda kuliko sukari nyeupe kwa sababu haijasafishwa, bado imebeba ladha ya miwa na ule uchungu mdogo wa molasi unaokwenda vizuri na nyama. Anayepata asali ya tende, ambayo ndugu wa Oman wanaifahamu vizuri na maduka ya Zanzibar na Mombasa huwa nayo, aitumie nusu kwa nusu na sukari guru. Rojo litakuwa jeusi na zito zaidi. Asali ya nyuki ina nafasi yake, lakini mwishoni.

Lichemke bila mfuniko, na ukae karibu. Mwanzoni povu ni jepesi, viputo vidogo vidogo vinapanda haraka na kupasuka bila sauti. Maji yanavyopungua viputo vinakuwa vikubwa, vinachelewa, vinapasuka kwa mlio mzito na kurusha matone. Hapo punguza moto. Chovya mwiko, uutoe, pitisha kidole mgongoni mwake. Njia uliyochora ikibaki wazi bila rojo kuifunika, epua, hata kama kwa macho linaonekana jepesi. Likipoa kidogo litakuwa zito zaidi, na ukisubiri lizite motoni utaishia kuwa na peremende. Sasa ndipo utie asali vijiko viwili, koroga, toa ile pilipili. Asali nzuri ya Tabora ina harufu ya maua ya miombo ambayo moto mkali unaifukuza. Itiwe rojo likiwa limeshaepuliwa.

Onja rojo pamoja na kipande cha kababu. Likionjwa peke yake kwenye kijiko litakuonea, kwa kuwa nyama na mafuta vinameza uchachu na utamu kwa kiasi kikubwa. Peke yake liwe kali kidogo, ukwaju ukitangulia, sukari ikifuata, pilipili ikija mwisho na kubaki. Likiwa tayari linapendeza kama jamu, kwenye nyama litakuwa limepooza.

Kababu ziingie kwenye rojo zikiwa zimeshaiva na kupata rangi. Narudia hili kwa wanaopenda kupaka rojo juu ya nyama mbichi na kuisukumia ndani ya oveni. Sukari ya mezani inaanza kugeuka karameli karibu nyuzijoto 160, na sukari ya matunda, ambayo imejaa kwenye asali na tende, inaanza chini sana ya hapo, karibu 110. Nyama mbichi ikiwa bado inatafuta kuiva, sukari ya juu itakuwa imeshaungua na kuwa chungu. Kwa hiyo kababu zilizokwisha kuiva zigeuzwe ndani ya rojo, moto mdogo, dakika tatu au nne, ukitikisa sufuria badala ya kutumia mwiko. Rojo litaanza kuzikumbatia, chini ya sufuria litabaki kidogo sana. Mwenye oveni anaweza kuzirudisha kwa dakika mbili chini ya moto wa juu ili ngozi ikaze. Dakika mbili, na macho yasibanduke.

Pilipili inahitaji maneno yake. Ni mgeni wa karne ya 16 katika jikoni zetu, aliyeletwa na Wareno kutoka bara la Amerika, na leo hakuna anayeweza kuifikiria Pwani bila yeye. Pilipili mbuzi ina harufu ya tunda inayoshikana na ukwaju. Pilipili kichaa ina ukali mkavu unaochoma haraka bila harufu ya kuusindikiza. Kwa rojo hili nachagua mbuzi. Ukali wake mwingi uko kwenye ule utando mweupe unaoshika mbegu, kwa hiyo anayetaka harufu bila moto mkali aukwangue kabla ya kutia pilipili sufuriani.

Wanasayansi wameshaeleza kwa nini pilipili tunaiita moto. Mwaka 1997 David Julius na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walitambua kipokezi kwenye neva kinachoitikia kapsaisini, dutu yenye ukali wa pilipili, na kipokezi hicho hicho kinaitikia joto linalozidi nyuzijoto 43 hivi. Kwa kazi hiyo na nyingine zilizofuata alipata Tuzo ya Nobeli ya mwaka 2021 pamoja na Ardem Patapoutian. Ubongo unapokea taarifa ile ile kutoka kwenye kaa la moto na kutoka kwenye pilipili. Mpishi ana mambo mawili ya kuchukua hapo. Kwanza, rojo lililoonjwa likiwa vuguvugu litakuwa kali zaidi mezani likitoka moto, kwa hiyo lionje katika joto utakaloandalia. Pili, kapsaisini haiyeyuki vizuri kwenye maji, kwa hiyo mgeni aliyezidiwa hasaidiwi sana na maji wala soda. Maziwa ndiyo yanayosaidia. Bakuli la mtindi uliotiwa chumvi na tango lililokunwa liwe karibu na kila sinia.

Na tafadhali, msiwalazimishe watu pilipili. Ukumbini kuna watoto, wajawazito, wazee wenye vidonda vya tumbo. Gawa rojo kabla ya kutia pilipili, tengeneza masinia mawili, na wahudumu waambiwe waziwazi lipi ni lipi. Juu ya lenye pilipili nyunyiza ufuta uliokaangwa kidogo, ambao Lindi inatupatia kwa wingi. Lisilo na pilipili lipate giligilani. Mhudumu hatachanganya. Kwa kuwa ufuta unawadhuru baadhi ya watu, naye awe tayari kujibu akiulizwa.

Turudi kwenye ratiba ya ukumbini, kwani hapo ndipo kababu hizi zinaposhinda sambusa. Zinaweza kupikwa jana yake. Ziive kabisa, zitandazwe kwenye trei pana zisizopandana ili zipoe haraka, ziingie kwenye friji zikiwa zimefunikwa. Rojo likae kwenye chombo chake. Siku ya sherehe chukua rojo, lichemshe na maji vijiko vichache, tia kababu, zipashe mpaka zifuke mvuke katikati, kwa kipimajoto 74. Kuanzia hapo zikae juu ya nyuzijoto 60, iwe kwenye hotipoti nzuri au kwenye chombo chenye moto mdogo chini. Kati ya nyuzijoto 5 na 60 bakteria wanazaliana haraka. Chakula kisikae katika joto hilo zaidi ya saa mbili, na hewa ikizidi nyuzijoto 32, kama inavyokuwa Dar es Salaam na Mombasa miezi ya Januari hadi Machi, kisizidi saa moja. Masinia yaliyopambwa na kupangwa nyuma ya ukumbi tangu saa kumi na moja yakisubiri maharusi yananitia hofu ya kweli. Pakua kidogo kidogo. Sinia dogo lenye kababu ishirini za moto, likifuatwa na lingine baada ya dakika kumi, linawafurahisha watu kuliko sinia kubwa linalozunguka mpaka likapoa.

Kwa hesabu, kama chakula kamili kitafuata, weka kababu tatu hadi nne kwa kila mtu. Wageni 50 watatosheka na kilo nne za nyama. Kama hakuna chakula kingine, ni sherehe ya jioni ya ofisini au kikao cha kamati, zidisha mara mbili na uongeze mkate au mihogo ya kukaanga. Kila kababu iwe na kijiti chake cha meno, na leso za karatasi zisikosekane, kwa maana watu wamevaa vitenge vya sare walivyovilipia na wengine wamevaa nyeupe. Rojo lililokaza vizuri halidondoki; likidondoka kutoka kwenye kijiti lirudishe sufuriani kwa dakika mbili.

Nyama ya mbuzi na ya kondoo zinafaa kwa vipimo hivi hivi. Kuku wa kusaga anafaa pia ukitumia mapaja pamoja na ngozi kidogo, na kwa kuku joto la katikati lifike 74. Jodari wa kusaga ni mtamu lakini anakauka upesi, muache kwa sherehe ndogo ya nyumbani ambako anatoka jikoni na kuliwa papo hapo.

Rojo likibaki safi, ambalo halijachovywa kababu iliyoumwa, litie kwenye chupa yenye mfuniko na uliweke kwenye friji. Linakaa wiki nzima. Jumapili, kuku wa kuchoma akishaiva na makaa yamepungua nguvu, mpake mara mbili, upande huu na upande ule, umuache dakika chache tu juu ya wavu kabla ya kumkata.